Difu Isiyolia

Harlan Teague alirudi Indiana mwezi wa Juni, na ilipofika Septemba alikuwa ameshavunja ekseli ya nyuma ya gari lake mbele ya kaunti nzima. Ilikuwa Jumapili ya mashindano ya mbio za magari, kwenye mstari wa kuondokea, nami nilikuwa nimekaa jukwaani na soda mkononi. Taa iligeuka kijani, akaachia klachi, gari likashtuka kama mtu aliyekanyaga msumari, ukasikika mlio mmoja mzito kutoka nyuma, basi. Injini iliendelea kunguruma na magurudumu yakabaki yametulia tuli. Watu walicheka, maana kwetu kuvunja ekseli hadharani ni aibu ya kuchekwa tu, huruma haimo. Mimi pia nilicheka, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine na sitaificha: ekseli ikivunjika katika kaunti hii, inaletwa kwangu.

Naitwa Glenda Fyffe. Gereji niliachiwa na baba yangu, Burl Maddox, na kazi yetu ni ekseli za nyuma tu. Ukiniletea kabureta nitakufukuza. Watu husifu injini mchana kutwa, wanafungua boneti na kuipiga picha, lakini nguvu zote za injini zinaishia nyuma, kwenye lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili, ambalo sisi mafundi tunaliita difu. Humo ndani kuna gia kubwa ya duara na gia ndogo inayoisukuma, iitwayo pinioni. Zikikaa vibaya hata kwa unene wa unywele, difu inalia. Utaisikia barabarani ikipiga mluzi mwembamba unaoingia kwenye meno. Difu niliyofunga mimi hailii. Haijawahi kurudi hata moja, na nina kiburi cha jambo hilo kuliko mambo yote niliyofanya duniani, kupiga kura na kuolewa vikiwemo.

Sasa niseme la pili, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi. Nilimtaka Harlan Teague abaki.

Nilimpenda nikiwa msichana, wakati alipokuwa akija kwa baba na kusimama kando ya benchi mchana mzima akizungumzia sili, vile vipira vya kuzuia oili isivuje. Siku moja kabla ya kwenda Michigan kutafuta kazi alikuja kama kawaida, akashika spana, akaiweka, akashika nyingine, halafu akaniuliza kama mvua itanyesha. Nikamjibu kwamba naona itanyesha. Akashukuru, akaondoka. Alioa hukohuko, nami nikaolewa na Royce Fyffe, mtu mwema, tukaishi vizuri mpaka moyo wake uliposimama. Mke wa Harlan naye alishafariki. Kwa hiyo aliporudi kwenye nyumba ya mama yake na lile gari la kijani la mwaka sitini na tisa, lenye milango miwili na boneti ndefu, nilianza kujipaka krimu ya mikono. Fundi wa difu anayejipaka krimu ya mikono ni kichekesho, nakubali.

Jumatatu asubuhi gari lililetwa juu ya trela. Shemeji yangu Odell, kaka yake marehemu Royce, ndiye anayenichomelea vyuma pale gereji, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Shemeji, mgeni wako huyo," alisema akichungulia dirishani. "Kavaa shati la pasi. Mtu gani analeta ekseli iliyovunjika kavaa shati la pasi?"

"Mtu msafi."

"Haya. Mtu msafi."

Tuliliinua gari, nikafungua kifuniko cha difu. Oili ilitoka, na pamoja na oili yakatoka meno ya ile gia kubwa, yakadondoka kwenye beseni moja baada ya jingine. Hafu shafti ya kulia, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, ilikuwa imejinyonga kama kitambaa cha jikoni kikikamuliwa, halafu ikakatika. Harlan alichuchumaa pembeni yangu akiangalia. Alinuka sabuni ya kunyolea.

"Injini ina nguvu za farasi wangapi?" nikamwuliza.

"Mia saba hivi."

"Mia saba hivi, au unaogopa kusema?"

"Na zaidi kidogo. Siku ya baridi."

"Basi usiilaumu ekseli, bwana. Hii ilitengenezewa nusu ya hapo, na mzee wa kwenda nayo kanisani. Haina kosa lolote. Mwenye kosa kavaa shati la pasi."

Odell alicheka mpaka akavua miwani. Harlan alitabasamu akiangalia beseni. "Nipe ile ya malori, Glenda," akasema. "Ile nzito kabisa. Sitaki kuvunja tena maisha yangu yote."

"Unaona?" Odell alidakia. "Mwanamume akishaumbuka mbele za watu anataka avae chuma mpaka kwenye nyayo."

"Ya malori haivunjiki, kweli," nikasema. "Lakini utaibeba kila uendako, na gari lako litatembea kama ng'ombe mwenye mimba. Unabeba uzito wa kuogopa tu. Halafu kuna hii yenye kifuniko cha bolti kumi na mbili, nyepesi, inapenda mbio. Tatizo lake, shafti zimezuiliwa kwa kipini kidogo huko ndani. Siku shafti ikikatika, gurudumu linakupita barabarani linakupungia mkono."

"Sasa wewe ungechukua ipi?"

"Ya inchi tisa."

Nilimpeleka kwenye rafu nikamwonyesha. Inchi tisa ni upana wa ile gia yake kubwa, na hiyo ndiyo ekseli ninayoijua kama ninavyojua jiko langu. Pinioni yake imeshikwa na beringi mbele na nyuma, kwa hiyo nguvu ikija haina pa kukimbilia. Shafti zake unaziweka nene utakavyo. Na tumbo lote linatoka kwa mbele, ukalipeleka kwenye benchi, ukalifanyia kazi ukiwa umesimama wima kama binadamu. Inakula nguvu ya injini zaidi kidogo kuliko wenzake, lakini mtu mwenye farasi mia saba anaweza kuwatoa sadaka wachache.

Harlan aliipapasa kwa kiganja. "Hiyo," akasema. "Unavyosema wewe."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimeshamfungia mtu ekseli ya kukimbilia kila Jumapili, hapa, mpaka uzee. Ilibaki namba.

Namba ndiyo inayosema kila kitu. Ni hesabu ya mara ngapi injini inazungusha ile gia ndogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukichagua namba kubwa, nne na nusu kwa mfano, gari linaruka kutoka mstarini utadhani limeumwa na nyuki, lakini ukilipeleka barabara kuu injini inapiga kelele mpaka unalia machozi. Ukichagua namba ndogo, gari linaondoka kivivu, na likishaondoka linakwenda siku nzima, injini ikipumua taratibu. Katika kaunti hii watu hawaulizani mipango ya maisha. Tunaulizana namba ya gia, jibu tunalipata humo.

"Nne na nusu?" nikamwuliza. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye rafu.

Harlan aliangalia viatu vyake. "Tatu," akasema.

Odell alizima mashine ya kusaga chuma. "Tatu?"

"Tatu kwa moja."

"Tatu ni ya mtu anayekwenda mbali," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, najivunia hilo mpaka leo. "Unakwenda wapi?"

"New Mexico. Dada yangu kaniachia nyumba huko. Hewa kavu, mifupa haiumi. Nafikiri niondoke kabla ya theluji."

"Na mashindano?"

"Nimeshavunja mbele za watu, Glenda. Si inatosha?" Alikohoa kidogo, akashika spana iliyokuwa benchini, akairudisha. "Halafu iwe kimya, tafadhali. Lile gari limekuwa na makelele, mtu hawezi hata kuongea na mwenzake humo ndani."

Hapo nikapandwa na hasira, nikajishikilia kwenye hasira hiyo kwa sababu ilikuwa bora kuliko kile kitu kingine kilichokuwa kinanipanda. "Difu zangu hazilii," nikasema. "Kamwulize mtu yeyote."

"Najua hazilii. Nasema tu."

"Basi usiseme."

Akaondoka na trela lake tupu. Odell alinitazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ushemeji wetu akaufunga bila kusema kitu.

Nilianza kazi siku hiyohiyo. Odell alikata mabomba ya ekseli yalingane na upana wa gari, akachomelea vishikio, nami nikachukua tumbo. Rafuni, mbele ya macho yangu, zilikuwepo gia mbili zimefungwa kwenye karatasi la mafuta, moja ya tatu na moja ya nne na nusu. Nitawaambia nilichofikiria. Difu ikishafungwa hakuna aonaye kilichomo. Ningeweka ile ya nne na nusu, Harlan angepakia masanduku yake, angeingia barabara kuu kuelekea magharibi, na kabla hajafika mpaka wa Illinois injini ingekuwa inapiga mayowe na kichwa kinamuuma. Angegeuza. Angerudi kwangu amekasirika, na ningepata wiki moja zaidi ya kumwona amekasirika. Niliichukua ile gia, nikaishika kifuani, nzito na ya baridi. Kisha nikairudisha rafuni nikafungua ya tatu. Mtu ananiamini na gari lake, siwezi.

Kila mchana Harlan alikuja na chakula. Pale mjini wanauza sandwichi ya nyama ya nguruwe iliyopondwa na kukaangwa, nyama kubwa kuliko mkate wake mara mbili, na alileta tatu, moja ya Odell. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinishikia taa. Nilipaka meno ya gia rangi ya njano ya kupimia, nikaizungusha polepole, tukainama wote wawili kuangalia alama ambayo gia ndogo imeacha kwenye rangi. Alama ikikaa pembeni, unafungua tena, unaweka kishimu, kile kibati chembamba cha kujazia nafasi, nyuma ya beringi, unafunga, unapaka, unazungusha. Kazi hiyo haina njia ya mkato, ni subira tu.

"Imekaa?" aliniuliza.

"Bado inapanda juu."

"Mimi naona imekaa."

"Wewe unaona sandwichi. Inua taa."

Aliinua taa, bega lake likagusa langu, na hakuliondoa. Nami sikuondoa langu. Tukakaa hivyo tukiangalia rangi ya njano kama watu wanaosoma habari za msiba. Mwili mzima uliniuma kwa kumtamani. Mtu akishafika umri wangu hudhani mambo hayo yamekwisha, kumbe yalikuwa yamejificha tu yakingoja nafasi. Nilitaka kumwambia asiende. Nilichosema ni kwamba nitaongeza kishimu kimoja, akajibu kwamba hilo ni wazo zuri.

Alipoondoka Odell alikuja na kikombe cha kahawa akaegemea benchi langu.

"Shemeji, mbona unafunga mbio hivyo? Unafukuzwa na nani?"

"Mteja anataka kuwahi theluji."

"Theluji iko wapi? Mahindi bado yamesimama shambani. Mwambie, bwana."

"Nimwambie nini?"

"Si unajua. Mwambie mvua itanyesha."

Nilimtupia tambara lenye oili. Kaunti nzima inajua habari ya ile mvua. Royce mwenyewe alikuwa akinitania nayo, Mungu amrehemu, na hakuwahi kuona wivu. Odell alilidaka tambara akafutia mikono yake.

"Kaka yangu angekwambia hivyohivyo," akasema. "Nakuhakikishia."

"Kachomelee vishikio vyako."

Ilipokamilika, ilikuwa difu bora kuliko zote nilizowahi kufunga, na ninaposema hivyo siongezi chumvi. Alama ilikaa katikati ya jino kama imechorwa na mwalimu. Tuliifunga chini ya gari la kijani, tukaijaza oili, Odell akakaza nati za magurudumu. Sasa lilibaki jambo moja, ambalo baba alilifanya na mimi nalifanya kwa kila difu: gia mpya zinatembezwa polepole kwanza, mpaka zizoeane, na aliyezifunga lazima awemo garini akisikiliza. Ukisikia kilio, unarudi, unafungua. Usiposikia, unamshika mteja mkono, anakwenda zake.

Harlan alikuja alasiri. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na sanduku moja la nguo, na nililiona nikajifanya sikuliona. Alikunja kiti cha mbele nipite, maana difu iko nyuma na msikilizaji hukaa nyuma.

"Kaa mbele basi," alisema. "Utakaaje nyuma kama abiria wa teksi?"

"Mbele nitasikia injini. Nitafaidi nini?"

"Nilikuwa nasema tu."

Nikajikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti karibu na kidevu, akaketi, akawasha. Tulitoka polepole kupitia barabara ya kaunti, mahindi makavu kushoto na kulia, mbali kule mashine ya kuvuna ikitimua vumbi. Aliendesha kwa adabu, bila papara, kama nilivyomwelekeza. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye sakafu juu kabisa ya difu, nimeinamisha kichwa, nimefumba macho.

"Glenda," alisema.

"Mm."

"Ile nyumba ya New Mexico. Ni kubwa, unajua. Vyumba vingi kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Sasa mimi nilikuwa nataka nikuulize..."

"Nyamaza," nikasema. "Hapohapo, hamsini. Shikilia mguu wako. Usiongee."

Akashikilia. Maili hamsini kwa saa ndiyo mwendo ambao difu mbaya hujitaja. Nilisikiliza kwa masikio, kwa kiganja na kwa mifupa ya kalio. Nikamwambia akanyage kidogo, akakanyaga. Nikamwambia aachie, akaachia. Nikamwambia ashikilie tena. Kimya. Matairi tu yakisaga lami, na upepo. Furaha ilinijaa mpaka nikacheka peke yangu huko nyuma.

"Kimya," nikasema. "Kama kanisa siku ya Jumatatu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ndiyo difu, Harlan Teague. Hiyo utaendesha mpaka baharini." Nikafungua macho. "Haya, ulikuwa unasema nini?"

Kwenye kioo cha ndani niliona macho yake yameangalia barabara. "Si kitu," akasema.

"Ulikuwa unasema nyumba."

"Ni kubwa. Ina veranda."

"Vizuri."

"Ndiyo. Ni vizuri."

Tukaendelea. Tulipita kanisa la Wabaptisti, tukapita nyumba ya akina Pruitt yenye trampolini, na katikati ya hapo na daraja ndipo jambo lenyewe lilipoingia kichwani mwangu, taratibu, kwa uzito wake wote. Vyumba vingi kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Iwe kimya, mtu hawezi kuongea na mwenzake humo ndani. Mwenzake nani? Mtu anayekwenda peke yake anafungua redio, haagizi kimya. Nilikuwa nimeisoma namba ya mtu huyu kuwa ni kwaheri, na alipokuja hatimaye kuniuliza, yeye aliyeshindwa akiwa kijana na kuishia kwenye mvua, mimi nikamwambia anyamaze nisikilize gia.

Nilijitukana huko nyuma kwa maneno ambayo baba asingependa kuyasikia. Nilitaka kusema, Harlan, niulize tena. Ni maneno machache tu. Lakini shingo yake ilikuwa imekaza, na namjua mtu wa aina hiyo kwa sababu na mimi ni wa aina hiyo: mlango ukifungwa, hurudi nyuma kwa heshima, anavaa kofia, anakwenda. Mbele yalionekana maghala ya nafaka ambapo huwa nageuzia. Tungegeuza pale, tungerudi gereji, ningemwambia iko sawa, angenishika mkono. Sanduku lilikuwa tayari pembeni ya goti langu. Difu ilikuwa nzuri mno, haikumwachia sababu hata moja ya kubaki usiku ule.

Difu nzuri kuliko zote. Odell angeyasimulia pale mgahawani maneno niliyokuwa karibu kuyasema, na wanaume wa kaunti tatu, ambao wamesubiri maisha yao yote kuyasikia, wangenunuliana bia. Burl Maddox angegeuka kaburini. 

"Harlan," nikasema. "Inalia."

Gari lilipungua mwendo kidogo. "Inalia?"

"Inalia."

"Wapi?"

"Ukiachia mafuta. Kidogo sana. Sidhani kama wewe utaisikia."

Aliachia mafuta. Gari likateleza lenyewe kati ya mahindi, na sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia majani makavu yakigusana shambani. Huyu ni mtu ambaye Jumapili moja alisikia bolti iliyolegea kwenye gari la mtu mwingine kutoka upande wa pili wa maegesho. Aliinua macho kwenye kioo akanitazama, nami nikamtazama, na nilijua uso wangu umekuwa mwekundu kama wa msichana na hakuna la kufanya.

Aliwasha taa ya kuashiria, ingawa barabara nzima ilikuwa yetu peke yetu, akasogea pembeni karibu na sanduku la barua la watu, akasimama.

"Hata mimi nimeisikia," akasema.

"Itabidi nilitoe tumbo lote. Nianze upya."

"Itachukua muda?"

"Itachukua."

"Sawa," akasema. "Sina haraka kiasi hicho."

Akazima injini. Alishuka, akakunja kiti chake, akanipa mkono, maana kwenye gari la milango miwili huwezi kutoka nyuma mpaka mtu akutoe. Magoti yangu yalilia kuliko difu yoyote. Nilizunguka mbele ya boneti ile ndefu nikiwa nimeishika kwa kiganja, nikafungua mlango wa pili, nikakaa kiti cha mbele. Naye akaingia, akaweka mikono miwili kwenye usukani, asiwashe. Tulikaa tukiangalia barabara.

"Haya," nikamwambia. "Nyumba ni kubwa, ina veranda. Endelea hapo."